Redio Koli za Wavuvi Wetu na Zamu ya Kusikiliza

(Mazungumzo ya Kamati ya Mfuko wa Jamii kwenye sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi. Risala imekwisha kusomwa na hesabu za hisa mmezisikia, hatutazirudia. Sisi tumepewa nafasi tuzungumzie jambo moja tu, zile redio koli. Hadi leo wapo wenzetu wanaouliza: akina mama wakulima wa mwani na wauza samaki wanahusiana nini na redio za baharini?

Tunahusiana hivi. Mwaka wa nne wa kikundi, katikati ya kusi, mtoto wa mwenzetu mmoja alitoka alfajiri na wenziwe wawili kwa boti ya faiba. Mashine ikazima, ikakataa kuwaka. Upepo na mkondo vikawachukua kaskazini, mnara wa taa wa Nungwi wakauacha nyuma, wakaingia mkondo wa Pemba. Simu walikuwa nayo. Walipata mtandao mara moja tu, wakampigia mama, na mama yuko kwenye mwani, simu kaiacha nyumbani. Baadaye simu ikaingia maji. Tulikesha pwani siku mbili, hakuna aliyepika. Siku ya tatu waliokotwa na mashua ya wavuvi wa Pemba, wazima alhamdulillahi, ila midomo imepasuka kwa kiu. Walitueleza jambo lililotuuma sana: siku ya kwanza vyombo viwili vilipita kwa mbali, wakavipungia shati mpaka mikono ikachoka, havikuwaona.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya simu na redio koli. Simu unampigia mtu mmoja, na mtu huyo asipopokea, basi. Redio ukisema unasikiwa na kila aliyefungua chaneli ile karibu nawe, humjui hakujui. Wale wa vyombo viwili wangekuwa na redio, na vijana wetu wangekuwa nayo, mambo yangekwisha siku ile ile saa nne asubuhi.

Kikao cha kupitisha fedha kilikuwa kirefu. Wenzetu ambao waume zao si wavuvi walisema mfuko wa jamii ni wa misiba na wagonjwa. Hawakukosea. Lakini mtunza hesabu alifungua daftari akatuonyesha kuwa sehemu kubwa ya mikopo iliyokuwa nje ilitegemea boti kurudi. Tukapitisha.

Tukaanza kwa kosa, na kosa hilo tunalisema hadharani ili kikundi kingine kisilirudie. Tulikwenda duka moja mjini, tukauziwa redio nne kwa bei nafuu. Zilikuwa na kitasa cha kuzungusha chenye namba 1 mpaka 16. Tukafurahi, tukazungusha mpaka 16, tukadhani ndiyo ile chaneli 16 ya baharini tunayoisikia ikitajwa. Siyo! Zile zilikuwa redio za walinzi na wasimamizi wa harusi. Namba yao 16 ni nafasi ya kumi na sita tu kwenye kitasa, haina uhusiano wowote na bahari. Chaneli 16 ya vyombo vya baharini ni masafa ya megahezi 156.8, dunia nzima. Kwa zile zetu tungeweza kupiga kelele mpaka koo likauke, meli ikapita mbele ya macho yetu isisikie neno. Mwenye duka alikataa kuzirudisha. Tukajikaza, tukakusanya upya, tukanunua tatu za baharini hasa, zenye alama ya kuhimili maji nusu saa kwa kina cha mita moja. Tukafuata na kibali Mamlaka ya Mawasiliano, maana redio hizi hazitumiwi bila kibali.

Jambo la pili tulijifunza kwa kuumia kichwa na hesabu. Mawimbi ya redio hii huenda moja kwa moja, hayaupindi mgongo wa bahari ila kidogo sana. Kwa hiyo kinachoamua umbali ni urefu wa aeriali kutoka kwenye maji kuliko nguvu ya redio yenyewe. Mtu aliyekaa ngalawani, aeriali yake mita moja juu ya maji, na mwenziwe vile vile, watasikilizana kama kilomita 8, zaidi ya hapo ni bahati. Lakini msikilizaji wa pwani akiwa na aeriali juu ya mlingoti wa mita 16, kilomita zile huwa kama 20. Ndiyo sababu ya ule mlingoti wa chuma juu ya jabali ambao watoto wanauita mnazi wa akina mama. Ndiyo sababu pia tunawaambia vijana: ukiwa taabani simama kama boti inaruhusu, inua redio, aeriali iangalie juu.

Sasa zamu. Redio ya boti bila sikio la pwani ni mzigo tu, na sikio hilo sisi ndio tumejitolea kuwa. Vyombo vikitoka usiku, hasa giza la dagaa, wanachama wawili hukaa na redio mpaka alfajiri. Wanafuma makawa, wanapiga soga, lakini redio iko wazi chaneli 16. Aliyesikia jambo anaandika saa na maneno, anamjulisha mkuu wa diko, naye anawasiliana na KMKM, maana hao ndio wenye vyombo vya kwenda mbali kuokoa.

Mwaka juzi usiku mmoja zamu ilisikia: "Tunazama! Tunazama! Njooni!" Mwenzetu akabonyeza akauliza, "Mko wapi?" Hakuna jibu, ila "Tunazama, njooni!" Akauliza tena, na tena. Kumbe kijana alikuwa ameshika kitufe hakukiachia. Ndugu zetu, redio hii si simu. Ukibonyeza unasema na husikii, ukiachia unasikia na husemi. Dakika nne nzima zilipita hivyo, wallahi zilikuwa ndefu kama mwezi wa Ramadhani. Alipoachia kwa kuchoka kidole, ndipo akasikia swali, akajibu, na ngalawa iliyokuwa jirani ikawafikia wameshikilia madumu. Wote wanne walitoka. Kijana mwenyewe yuko hapa leo na ametuambia tuseme, hana haya.

Kwa hiyo maneno yenyewe ni haya, na tumeyabandika kwenye kila boti yenye redio. Bonyeza, sema taratibu: "Mayday, Mayday, Mayday. Hapa ni boti Subira, Subira, Subira. Mayday Subira. Tupo maili nne kaskazini mashariki ya mnara wa taa wa Nungwi. Boti inaingia maji. Tunataka msaada wa haraka. Watu watatu. Ova." Achia. Sikiliza. Kama kimya, rudia. Mahali ulipo panatangulia kwa sababu hata redio ikifa baada ya hapo, tunajua pa kukutafuta. Wazee wengine waliuliza kwa nini tusiseme "Nisaidieni" kwa lugha yetu. Jibu ni kwamba hata Mayday asili yake ni hiyo hiyo "nisaidie" ya Kifaransa, ilianza huko Uingereza mwaka 1923 kwa ajili ya ndege, na leo nahodha Mhindi au Mfilipino ataielewa. Ukishaitamka, yanayofuata sema kwa Kiswahili, sisi tunasikiliza. Kama mashine tu imezima na hakuna hatari ya roho, useme "Pan-pan" mara tatu badala yake.

Na jamani, bei ya pweza isizungumzwe chaneli 16. Ziko chaneli nyingine za soga. Tunawajua kwa sauti.

Kuhusu utunzaji tutasema machache. Ukirudi, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ifunge kwa kamba mwilini, siyo kwenye boti, kwani boti inaweza kukuacha. Ichajiwe kabla ya kutoka, na usiku usitumie nguvu kubwa ya wati 5 kwa jirani aliye karibu, wati 1 inatosha.

Redio tatu kwa vyombo vyote vya diko letu hazitoshi, ndiyo maana waliokwenda mbali zaidi ndio hupewa. Betri moja imeanza kufa. Leo sanduku la mfuko liko pale mlangoni, na Mgeni Rasmi tumemwonyesha lilipo.

Baada ya chakula vijana watafanya zoezi mbele yenu, mmoja mmoja, redio ikiwa imezimwa, maana Mayday ya mchezo ni kosa. Atakayesahau kutaja mahali alipo, au asiyeachia kitufe, ataosha masufuria.