Maji Kutakata Hakutoshi: Habari ya Mto Seneca

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maji za sharika)



Nimeombwa nizungumzie namna tunavyopima mafanikio ya miradi yetu ya maji. Katika taarifa za robo mwaka zinazofika ofisini kuna sentensi inayojirudia: "Maji ya lambo sasa yametakata." Wafadhili huipenda, na picha huambatanishwa. Leo naomba tuichunguze sentensi hiyo kwa kutazama mto mmoja wa mbali, Seneca, katika jimbo la New York nchini Marekani.

Mto huu umefungwa. Ni sehemu ya njia ya boti ya Mfereji wa Erie, na umewekewa mabwawa na milango ya kupandishia na kushushia vyombo, kama pale Baldwinsville. Maji huenda polepole; hayaporomoki juu ya mawe na kuchanganyika na hewa. Aidha, hupitia Ziwa Cross, lenye rutuba nyingi mno, na kutoka humo hubeba mwani kwa wingi. Simaanishi mwani unaolimwa Zanzibar. Huu ni wa vijimea vidogo ambavyo huwezi kukiona kimoja kimoja, lakini vikiwa vingi maji huwa ya kijani. Jua likiwaka, vijimea hivyo hutoa oksijeni, na zamani wakati wa kiangazi maji yaliyotoka ziwani humo yalikuwa nayo tele.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaingia kome wadogo wenye milia. Asili yao ni upande wa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Walivuka bahari ndani ya maji ambayo meli hubeba ili zisiyumbe, na mwaka 1988 wakagunduliwa katika eneo la Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Kome huyu hujishikiza kwenye jiwe au zege, huvuta maji, huchuja mwani akaula, kisha huyatoa maji. Mmoja aliyekomaa anaweza kuchuja hadi lita moja kwa siku. Lita moja ni kidogo, lakini sehemu nyingine za Seneca walihesabiwa kwa makumi ya maelfu katika mita moja ya mraba.

Maji yakatakata. Mtu aliyesimama darajani angeshangilia. Lakini vipimo vya mwaka 1993 vilionyesha oksijeni imeshuka sana, huku amonia na fosforasi zikiongezeka. Mwani uliokuwa ukitoa oksijeni ulikuwa umeliwa. Kome naye ni mnyama: anapumua usiku na mchana, na anatoa uchafu. Tena mto uliofungwa hauna maporomoko ya kuurudishia hewa haraka, na hilo ni kazi ya mikono ya watu, si ya kome.

Katika jimbo hilohilo, kwenye mto Hudson, kome hao walifika mwaka 1991 na mwani ukapungua kwa asilimia 80 hadi 90. Huko pia oksijeni ilipungua, ila mwanga ulifika chini zaidi, majani ya majini yakastawi kwenye kina kifupi na kufidia sehemu ya upungufu.

Sisemi basi tushangilie maji ya kijani. Mwani ukizidi, usiku hutumia oksijeni, na ukifa na kuoza huimaliza. Ninachosema ni kwamba rangi ya maji haituambii kilichomo, kama ambavyo haituambii habari za vijidudu vya kuhara.

Malambo yetu hayana kome hao, lakini maji yake nayo yametulia, na ndani yake tunapandikiza perege, ambao nao hula mwani. Wakati wa kupima ni alfajiri, kabla jua halijachomoza, maana hapo ndipo oksijeni huwa chini kabisa. Anayepima saa nane mchana anajidanganya. Apime juu, kisha karibu na tope.

Kwa wafadhili nina ombi: bajeti inapopunguzwa, kifungu cha vifaa vya kupimia huwa cha kwanza kufutwa, wakati tofali na bomba hubaki. Naomba safari hii kibaki.

Fomu ya robo ijayo ina safu mpya mbili, oksijeni ya juu na oksijeni ya chini, pamoja na saa ya kipimo. Kifaa kimoja kitazunguka, kikianzia kwenye sharika zenye malambo ya samaki.