Simu imekuwa nyepesi: nani anajua kilicho ndani?

Maneno yaliyotolewa mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wao, Kivu ya Kusini

Mlituomba tuzungumze juu ya jambo linaloleta kelele katika nyumba nyingi: simu na kompyuta. Mzee anasema kijana anamdharau. Kijana anasema mzee hataki kufundishwa. Sisi tunaona kila mmoja ana ujuzi ambao mwenzake hana, na sababu iko katika namna mashini hizi zilivyobadilika.

Waliojifunza kompyuta zamani wanakumbuka MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981. Ilikuwa kioo cheusi chenye maandishi tu. Uliandika amri herufi kwa herufi, na ukikosea moja mashini ilikataa. Mwaka 1984 Macintosh ilileta kipanya na picha ndogo za kubonyeza, na mwaka 1995 Windows 95 ikaeneza mtindo huo katika ofisi nyingi za dunia. Hata hapo ilikupasa kujua faili ni nini, folda ni nini, na umeweka kazi yako wapi. Katika nyumba za intaneti za Goma na Bukavu, miaka ya 2000, mtu alilipia muda. Muda ukiisha kabla hujahifadhi barua yako, barua imekwenda na pesa imeliwa. Somo hilo liliingia haraka!

Kisha zikaja iPhone mwaka 2007 na simu za Android mwaka 2008. Kidole kikatosha. Watengenezaji waliondoa folda mbele ya macho ili mtu asisumbuke nazo. Mwaka 2013 WhatsApp ikaongeza ujumbe wa sauti, na hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa wengi wetu. Mama asiyejua kusoma anabonyeza alama ya kipaza sauti, anasema kwa Mashi au Kifuliru, na mwanawe aliye kambini Nyarugusu, Tanzania, anamsikia. Tusilichukue kuwa jambo dogo. Ziko familia zilizotawanyika njia tatu usiku mmoja, na sauti ndiyo iliyozikutanisha tena.

Lakini wepesi huo una bei. Tunapowachukua vijana kutusaidia kuandika orodha za familia, wanakuja wasichana na wavulana wenye vidole vya haraka kuliko vyetu. Ukiwaketisha mbele ya kompyuta ya mezani na kusema, «Hifadhi orodha hii katika folda ya mtaa wa tatu,» wanauliza folda ni kitu gani. Si wajinga, simu haikuwalazimisha kamwe kuijua. Kumbe mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiandika matokeo ya mitihani kwa kompyuta nzito ya zamani, anaipata mara moja. Kwa hiyo sisi hatukubali maneno ya kwamba kijana wa leo amezaliwa na ujuzi wa kompyuta. Amezaliwa na simu, na hiyo ni habari nyingine.

Kwa nini tunawachosha na folda? Kwa sababu ya karatasi zenu. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu Kongo wengi huitumia kama kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, diploma ya Serikali, karatasi ya shamba: wengi mmezipiga picha, na mmefanya vizuri. Tukiuliza picha hizo ziko wapi, tunajibiwa, «Ziko ndani ya WhatsApp.» WhatsApp si sanduku la nguo. Picha ikifutwa ili kupata nafasi, au simu ikiibiwa njiani, mara nyingi picha haionekani tena. Tena picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, hata namba ya karatasi inaweza kushindwa kusomeka. Ukiituma kama hati inafika jinsi ilivyo. Vijana wengi hawajui tofauti hiyo, ingawa alama zote mbili ziko chini ya kidole kimoja.

Kuna na jambo la uvumi, ambalo kwa kazi yetu ya amani ni zito kuliko yote. Sauti inaingia katika simu ya mzee, na juu yake kuna jina la mpwa wake. Mzee anaamini mpwa ndiye shahidi. Kumbe mpwa ameipitisha tu, aliyesema hajulikani. Simu inaonyesha aliyetuma, haionyeshi aliyetunga. Hapa kijana ana msaada wa kutoa, maana anajua kwamba mshale mdogo unaonyesha ujumbe umepitishwa, na mishale miwili kwamba umepita mikono mingi. Tangu mwaka 2019 WhatsApp huzuia kupitisha ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na tangu 2020 ule wenye mishale miwili unakwenda kwa mazungumzo mamoja tu. Uvumi unapunguzwa mwendo, hauzuiwi. Kijana akiona mishale miwili, amweleze mzee kabla watu hawajafunga mizigo au kuchukua panga. Na mzee amwambie kijana kama kijiji kinachotajwa kipo kweli upande huo wa mto, maana hilo simu hailijui.

Namba ya siri ya pesa za simu tutaigusa kidogo tu: mjukuu amfundishe bibi kuibonyeza mwenyewe, asiibonyeze kwa niaba yake. Ugomvi mwingi tuliouletewa ulianza hapo.

Tutabaki hapa hadi saa kumi na kompyuta mbili. Kila familia ije na watu wawili, mkubwa mmoja na kijana mmoja, pamoja na simu na karatasi zao. Kijana atapiga picha, mkubwa atasema kila karatasi iitwe jina gani, kisha wawili hao wataziweka pamoja katika folda moja na katika flashi. Wasio na flashi, tunazo chache. Tutaanza na wajane na watoto wanaolea wadogo zao.