Saruji Hupimwa kwa Nguvu, Si kwa Macho


Katika maabara ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), saruji huchanganywa na mchanga na maji, ikafinyangwa vipande, kisha vipande hivyo hukandamizwa kwa mashine hadi vivunjike. Saruji ya daraja la 32.5 lazima ihimili angalau newtoni 32.5 kwa kila milimita ya mraba baada ya siku 28.

Hata hivyo, kipimo chetu hakiilindi saruji iliyonyeshewa njiani kuja bondeni huku. Kabla ya kulipa, tazameni nembo ya TBS, uzito na tarehe ya kutengenezwa. Mfuko wenye mabonge magumu ukataeni, na risiti mdai. Ukuta wa darasa ukianguka, huwaangukia watoto wetu.