KIBALI KWANZA, SURURU BAADAYE

Natumaini mmekwisha kukaa na kalamu zenu zi tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno letu la leo: KIBALI. Lisomeni wote pamoja: ki-ba-li.

Kibali ni ruhusa iliyoandikwa. Leo twazungumza juu ya kibali cha kubomoa, kubadili au kuchimba penye jengo la watu wengi, kama vile chuo, shule, zahanati au duka. Katika vyuo vikuu vingi duniani iko kanuni: fundi hagusi ukuta wala hachimbi mtaro mpaka wakaguzi wa usalama wamekubali kwa maandishi. Kanuni hiyo yatufaa na sisi.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Ukuta ni wetu, kiwanja ni chetu. Ruhusa ya nini?" Ni swali zuri. Jibu lake ni kwamba hatari nyingine hazionekani kwa macho.

Tazameni ukuta wa darasa lenu. Kuta nyingine hugawa vyumba tu. Nyingine zimebeba paa au ghorofa. Ukiupiga nyundo ukuta uliobeba mzigo, mzigo ule utashuka juu ya vichwa vya watu. Kwa nje kuta hizi mbili hufanana. Mhandisi huzitofautisha kwa kusoma ramani ya jengo na kupima.

Udongo nao ni mzito. Mita moja ya mraba, kwenda chini mita moja, yaweza kuwa na uzito wa tani moja na nusu. Basi mtu aliyesimama katika mtaro mrefu kuliko kimo chake, bila mbao za kuzuia kingo, yumo hatarini. Ukingo ukimeguka hapati nafasi ya kukimbia. Mvua ikinyesha, hatari huzidi.

Tena, chini ya ardhi mna mambo. Ninyi wa Handeni mwajua taabu ya maji. Kwa miaka mingi maji yenu yamesukumwa kwa pampu katika bomba kuu kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Mtu mmoja akilipasua bomba la namna hiyo kwa sururu, ndoo za vijiji vingi hukauka. Akipiga waya wa umeme, aweza kufa papo hapo. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, waulizeni watu wa mamlaka ya maji na wa TANESCO.

Sasa sikilizeni mambo yaliyotokea. Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, saa za asubuhi watu wakiwa madukani. Zaidi ya watu 20 walikufa. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa kuwatafuta waliofukiwa. Wafanyabiashara wa pale walieleza kwamba kazi ya kupanua maduka ya chini ya jengo ilikuwa ikiendelea. Baada ya msiba huo Serikali iliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Lakini ukaguzi wafaa kuja kabla ya maiti.

Kumbukeni pia tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu. Jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Ilielezwa kwamba lilikuwa limepita idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa. Basi kuwa na kibali hakutoshi. Lazima kazi iende kama kibali kisemavyo.

Je, tufanye nini? Tuseme chuo kimoja kinataka kuunganisha madarasa mawili na kuchimba shimo la choo. Andikeni hatua hizi:

1. Andikeni barua mkieleza kazi, mahali na siku. Ambatisheni ramani.
2. Pelekeni barua kwa halmashauri ya mji au ya wilaya. Mhandisi atazame ukuta, na Bwana Afya atazame mahali pa choo.
3. Ulizeni juu ya paa. Majengo mengine ya zamani yana asbesto. Vumbi lake huleta saratani, basi msilikate wala kulivunja wenyewe.
4. Ngojeni jibu la maandishi. Neno la mdomo si kibali.
5. Siku ya kazi, zungushieni uzio na waondoeni watoto.

Mwajiri asidhani jambo hili ni hiari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka awalinde watu wake. Na wewe kibarua unayejua kusoma, omba kukiona kibali kabla ya kushuka shimoni. Soma tarehe, soma kazi iliyoruhusiwa, tazama sahihi na mhuri. Hii ni faida moja ya elimu yako: huwezi kuambiwa "kibali kipo" ukakubali tu.

Kungoja kibali huchosha, najua. Hata hivyo wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kuzungumza darasani: Kwa nini kuta mbili zinazofanana zaweza kuwa na kazi mbalimbali? Ni nani wa kuulizwa kabla ya kuchimba? Kisha kila mmoja aandike barua fupi ya kuomba kibali, na mwalimu aisahihishe.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.