Injini ya Kikundi: Hesabu Saa, si Miezi

(Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja kuhusu utunzaji wa pampu za maji. Tunaichapisha karibu kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Kwanza niseme wazi: mimi si fundi. Nilisomea ustawi wa jamii, na kazi yangu ni kukaa na vikundi, si kufungua injini. Lakini nimeona pampu nyingi zikinunuliwa kwa shangwe, na kabla ya mavuno ya tatu zimelala ghalani, kuku wanatagia juu yake. Basi nikaona nijifunze. Nilikaa na fundi, nikasoma vitabu vinavyokuja na injini, nikachafua mikono. Leo nitawaambia nilichojifunza, na pia kosa nililolifanya. Nitaanza na kosa.

Kikundi kimoja upande wa Makueni kilinunua pampu ya petroli yenye nguvu za farasi 5 na nusu. Walichanga kwa miaka miwili. Akina mama waliuza kuku, wazee waliuza mbuzi. Kijana mmoja akachaguliwa kuiendesha. Baada ya miezi michache kijana akaja mkutanoni akasema, "Injini inamaliza oili. Nipeni pesa ya oili." Mweka hazina akafungua kitabu chake: "Mwezi jana tulitoa pesa ya oili. Hiyo oili inakwenda wapi?" Watu wakacheka. Wengine wakanong'ona kwamba anaiuza. Mimi nilikuwepo, na sikusema neno.

Haikupita muda injini ikaanza kujizima yenyewe katikati ya kazi. Akaitwa fundi kutoka sokoni. Akaitazama, akakata waya mmoja mdogo ubavuni, ikawaka, ikanguruma kama mpya. Tulimpigia makofi. Siku ya tisa kitu kikalia ndani, "kwaa!" Konrodi, yaani kile chuma kinachoshika pistoni, ilikatika ikatoboa injini. Nyanya zilikuwa na maua. Zilikaa wiki mbili bila maji, zikaisha. Kikundi kikamtoa yule kijana kwa kura, na muhtasari wa mkutano huo niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ni baadaye tu fundi mwingine alinifungua macho. Injini nyingi za namna hii zina kifaa ndani kinachoangalia oili. Ikipungua sana, kifaa hicho huzima injini ili isijiue. Ule waya uliokatwa ulikuwa wa kifaa hicho. Mnaona? Injini ilikuwa inatuambia neno lile lile alilotuambia kijana: oili hakuna. Kijana tulimfukuza, na injini tukaikata ulimi.

Nilikwenda kwao nikaomba msamaha mbele ya mama yake. Walinipokea vizuri, wakanipa chai. Lakini kikundini hakurudi.

Sasa tuingie katika utunzaji wenyewe.

Jambo la kwanza: hesabu saa

Injini iliyo kwenye pampu yenu ni ndugu wa ile inayoendesha mashine ya kukata nyasi. Pengine mmeiona katika uwanja wa shule kubwa au hoteli, ile ambayo mtu huketi juu yake kama trekta. Hiyo huwa kubwa zaidi, lakini damu ni moja: injini ya petroli, inayopozwa na upepo, yenye oili yake ndani. Sasa, kitabu kinasema mara nyingi hivi: badilisha oili kila saa 100 za kazi au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Injini nyingine kitabu chake kinasema saa 50. Someni kitabu chenu.

Wengi wetu tunashika ile miezi 6 na kusahau zile saa. Hebu tupige hesabu. Mwenye mashine ya nyasi anakata Jumamosi, saa moja au mbili. Kwake miezi 6 itafika kabla ya saa 100. Lakini ninyi wakati wa kiangazi mnamwagilia saa 4 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni saa 24 kwa wiki. Wiki nne, saa 96. Kwa hiyo pampu ya kikundi inamaliza saa 100 kwa mwezi mmoja hivi! Mkingoja miezi 6, mmefanya karibu saa 600 kwa oili ile ile. Hiyo si oili tena, ni uji mweusi.

Jambo la pili: oili

Oili inafanya kazi tatu. Inalainisha vyuma visisagane, inabeba joto, na inabeba uchafu. Injini nyingi ndogo hazina kichungi cha oili kama gari. Uchafu wote unabaki humo humo mpaka mtakapoumwaga ninyi.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, weka pampu mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa. Toa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kitoe tena, usome. Kuna injini ambazo kijiti hakifungwi wakati wa kupima, kinaingizwa tu. Na kuna zile zinazotaka kifungwe. Tazama kitabu, maana ukikosea hapo unasoma uongo. Oili ikiwa chini, ongeza. Usijaze kupita alama, kwani oili ikizidi nayo ina madhara.

Kubadilisha, fanya hivyo baada ya kazi injini ikiwa bado na uvuguvugu, kwani oili hutoka vizuri na uchafu wake. Injini ya farasi 5 na nusu huchukua karibu lita 0.6 tu. Si nyingi! Na injini mpya kabisa isingoje saa 100. Nyingi zinataka oili ya kwanza itolewe baada ya saa 20 hivi, nyingine mapema zaidi, kwa sababu vyuma vipya hutoa vumbi la chuma vinapozoeana.

Oili chafu msiimwage mtoni wala shambani. Wekeni katika jerikeni yenye alama, mpeleke gereji inayokusanya oili chafu. Maji hayo hayo ndiyo mnayoyapeleka kwenye sukuma wiki.

Jambo la tatu: hewa na upepo

Injini inapumua. Kichungi cha hewa ndicho pua yake, na vumbi letu mnalijua. Kitazameni kila siku na kukisafisha kila saa 50, au mapema zaidi mahali penye vumbi jingi. Kama ni sponji, oshea maji ya uvuguvugu na sabuni, kamua bila kusokota, kausha kabisa, kisha paka oili safi kidogo na ukamue iliyozidi. Kama ni cha karatasi, kisioshwe wala kupakwa oili. Kigonge taratibu vumbi litoke, na kikiziba nunua kingine. Usiendeshe injini bila kichungi hata siku moja. Vumbi likiingia ndani linasaga ringi na silinda kama msasa, na hapo ndipo injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu.

Ubavuni kuna mapezi ya chuma. Upepo hupita hapo kuipoza injini. Nyasi, majani na matope yakiziba, injini inaungua hata kama ina oili. Safisha kwa brashi injini ikiwa baridi. Wale wanaoifunika gunia inaponguruma ili mvua isiinyeshee, mnaiua.

Jambo la nne: plagi na petroli

Kila saa 100 toa plagi, injini ikiwa imepoa. Isome. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini ni nzima. Ikiwa na masizi makavu meusi, mara nyingi hewa haitoshi, basi rudi kwenye kichungi. Ikiwa imelowa oili, muone fundi mapema. Nafasi ya moto katika plagi za injini nyingi hizi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Unapoirudisha, anza kuikaza kwa vidole, spana ije mwisho. Ukianza na spana unaharibu nyuzi za kichwa cha injini.

Petroli iwe safi, ichujwe, na isikae ndani ya jerikeni miezi na miezi. Injini ambayo oili yake iko chini ndani ya injini haichanganyiwi oili kwenye petroli. Hiyo ni ya msumeno wa miti. Usimimine petroli injini ikiwa ya moto, na asiwepo mwenye sigara karibu. Usiwashe pampu ndani ya nyumba iliyofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu na huua. Mvua zikija na pampu inakwenda kulala, funga bomba la petroli uache injini iwake mpaka ijizime yenyewe, kisha mwaga ile iliyobaki kwenye kabureta na tangini. Petroli iliyokaa hugeuka gundi na kuziba tundu la kabureta.

Na pampu yenyewe ijazwe maji kabla ya kuwashwa. Ikizunguka kavu, sili inaungua, maji yanavuja. Mdomo wa mpira wa kunyonya uwe na chujio lake, usilale juu ya mchanga.

Nani afanye haya yote?

Ndugu zangu, haya yote si magumu. Mama ambaye hakwenda shule anaweza kuyafanya. Kwa nini basi pampu zinakufa? Kwa sababu ni za wote. Kila mtu anaiwasha, kila mtu anafikiri mwenzake ameangalia oili. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nawaomba mfanye mambo matatu kabla ya kiangazi.

Kwanza, chagueni mtu mmoja na msaidizi wake. Pampu isiwashwe ila mmoja wao ameipima. Akisema leo haiwashwi, haiwashwi, hata kama zamu ni ya mwenyekiti. Na asiachwe mtu yeyote akate waya au akaze springi ya mwendo ili maji yatoke kwa kasi, mpaka sababu ijulikane.

Pili, wekeni daftari. Tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, jumla ya saa, oili iliyoongezwa. Kama yule kijana wetu angekuwa na daftari, mweka hazina angeona oili inakwenda wapi. Daftari lingemtetea.

Tatu, pesa ya oili isiombwe. Iwepo tayari. Tuseme oili ya kubadilisha mara moja, pamoja na akiba ya plagi na kichungi, ni shilingi 1,000. Gawanya kwa saa 100. Ni shilingi 10 kwa saa. Kila anayemwagilia atoe petroli yake na hizo shilingi 10 kwa kila saa. Saa 100 zikifika, pesa iko, hakuna mkutano wa kubishana.

Na mtu mliyemchagua akija kuwaambia kwamba injini haiko sawa, nyamazeni mumsikilize. Mfungue kijiti pamoja, mtazame. Ni kazi ya dakika mbili. Sisi hatukuzitoa dakika hizo mbili. Tukapoteza injini, tukapoteza nyanya, na tukampoteza mtu mwaminifu. Injini ilinunuliwa nyingine.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Pampu au mashine yetu imefanya saa ngapi tangu oili ibadilishwe? Nani anajua?
2. Ni nani anayeitunza? Tumempa uwezo wa kusema "leo hapana"?
3. Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa jambo ambalo hatukulichunguza? Tufanye nini sasa?