Rafiki Yako Akitaka Kuwafungisha Ndoa

Leo tunajibu swali la vijana wanaotazama harusi za Marekani mitandaoni: je, rafiki au mjomba anaweza kutufungisha ndoa?

Huko inawezekana. Jimboni Massachusetts, gavana humpa mtu wa kawaida kibali cha siku moja. California, karani wa kaunti anaweza kumteua kwa siku ya harusi tu.

Tanzania mambo ni mengine. Ukiacha ndoa za kimila, zenye utaratibu wake, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mfungishaji awe msajili au kiongozi wa dini mwenye leseni. Taarifa hutolewa siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi alilete. Mashahidi wasipungue wawili. Mjomba asiye na leseni, hata awe na sauti ya kutikisa ukumbi, hatawapatia cheti.

Ndugu hana nafasi basi? Anayo, tena kubwa. Katika ndoa ya Kiislamu, baba aliye walii anaweza kumwozesha binti yake kwa kinywa chake, bwana harusi akakubali. Wengi humwachia shehe kazi hiyo, nadhani kwa kuogopa machozi mbele ya watu. Hata hivyo, mwenye leseni ya kusajili awepo.

Na rafiki? Fungeni ndoa bomani asubuhi, kwa mashahidi wenu. Jioni ukumbini, MC amkabidhi kipaza sauti, awaongoze kutamka ahadi zenu. Rafiki huyo pia anaweza kuwa shahidi bomani. Aje na kitambulisho.