Ugonjwa Hauulizi Dini: Somo la India



Ndugu zangu na dada zangu, leo tuzungumze kuhusu India. Msiseme ni mbali. Somo hili tunalihitaji hapa Kenya kabla ugonjwa mwingine haujabisha hodi.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona India alithibitishwa 30 Januari 2020, jimbo la Kerala, mwanafunzi aliyetoka Wuhan. Usiku wa 24 Machi serikali ikatangaza kufunga nchi ya watu zaidi ya bilioni 1.3, kwa notisi ya saa nne tu. Vibarua wakabaki bila kazi, bila basi, bila treni. Wengi walitembea mamia ya kilomita kurudi kwao.

Katika hofu hiyo, ikajulikana kuwa watu waliokusanyika Markaz ya Tablighi Jamaat pale Nizamuddin, Delhi, wameambukizwa. Hilo ni kweli, tusilikatae. Mkusanyiko wowote wakati ule ulikuwa hatari. Lakini kilichofuata hakikuwa tena suala la afya. Mitandaoni likazuka neno "Corona Jihad", ati Waislamu wanaeneza ugonjwa makusudi. Video za zamani zikasambazwa kama ushahidi. Wauza mboga wa Kiislamu wakafukuzwa mitaani. Wageni waliokuja kwa daawa wakashtakiwa.

Agosti 2020, Mahakama Kuu ya Bombay ilifuta mashtaka ya wageni 29, ikasema walitolewa kafara. Raia wa India 70 walioshtakiwa kwa kuwapa wageni hifadhi walingoja mpaka Julai 2025, Mahakama Kuu ya Delhi ilipofuta kesi zao. Uongo ulienea kwa dakika, haki ikachukua miaka mitano.

Je, lawama zile zilizuia ugonjwa? Aprili 2021, mamilioni walikusanyika Haridwar kwa Kumbh Mela, na wanasiasa wakafanya mikutano mikubwa ya kampeni. Mwanzoni mwa Mei, wagonjwa wapya walipita 400,000 kwa siku. Hospitali za Delhi ziliishiwa na oksijeni. Watu wakafa wakingoja kitanda.

Hapa shetani anatunong'oneza: "Sasa ni zamu yetu kuwalaumu Wahindu." La hasha! Wale walienda kuabudu, kama wa Nizamuddin. Wa kuulizwa ni viongozi walioruhusu. Na Waislamu wa huko walijibu vipi? Wana-Tablighi waliopona walijitolea plazma ya damu yao kutibu wagonjwa. Huko Vadodara, msikiti ukawekwa vitanda vya wagonjwa wa Korona.

Sasa turudi nyumbani. Mei 2020, ndani ya Ramadhani, Eastleigh na Mji wa Kale Mombasa zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kufunga eneo kwa ajili ya ugonjwa peke yake si dhulma. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tusiingie penye tauni, na tukiwa ndani tusiikimbie. Dhulma inaanza pale mtaa au dini inapogeuzwa kuwa jina la ugonjwa. Na hiyo ni hatari kwa wote, kwa sababu mtu akiogopa kunyooshewa kidole anaficha homa, hapimwi, halafu anaambukiza mamake.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, kabla hujasambaza video kwenye WhatsApp, hakikisha. Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha hivyo.

Pili, madaktari wakisema tusimamishe mikusanyiko, misikiti yetu iwe ya kwanza kutii, tusingoje polisi.

Tatu, jueni haki yenu. Kifungu cha 27 cha Katiba yetu kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, kabila au hali ya afya. Kitumieni kumtetea Muislamu, na pia jirani asiye Muislamu siku akisingiziwa yeye. Ukinyamaza siku ya jirani, siku yako utatetewa na nani?

Allah atukinge na maradhi, na atukinge na dhulma, ya kudhulumiwa na ya kudhulumu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.